Sindano ya Kidoti na Video ya Majani

Asubuhi hiyo Mama Kidoti alikuwa anafumua shati. Alikuwa amebandika mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa mwanafunzi wa cherehani. Shati lilikuwa la sare ya shule, na mwenyewe alikuwa njiani kulifuata. Mama Kidoti alishika wembe, akakata uzi taratibu, akapuliza vipande vikaruka. Macho yalikuwa kwenye shati. Masikio yalikuwa jikoni.

Jikoni maji yalikuwa yanamiminwa kwenye kikombe. Kisha kimya. Kisha yakamiminwa tena.

"Kidoti! Unakunywa tena?"

"Kiu haitaki kuondoka, mama."

Wembe ukasimama hewani. Kiu ile Mama Kidoti alikuwa anaijua.

Kidoti alikuwa na miaka saba. Shuleni alikuwa na jina lake, lakini nyumbani na mtaani aliitwa Kidoti, kwa ajili ya alama ndogo nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni. Baba yake alikuwa fundi rangi. Akirudi kazini na matone ya rangi usoni, Kidoti alimcheka. "Baba, leo una vidoti vingi kuliko mimi!"

Miezi michache nyuma mtoto huyu alianza kubadilika. Alikunywa maji kama mtu aliyelima kutwa. Alikojoa mara kwa mara. Akaanza tena kukojoa kitandani, na alikuwa ameacha zamani. Alikula vizuri, lakini sketi yake ya shule ikawa inamshuka kiunoni. Mama yake akaipunguza. Baada ya muda mfupi akaipunguza tena. Fundi mzima anapunguza sketi ya mtoto anayekula, na hajiulizi! Siku Kidoti alipolala darasani na kuamka kwa shida, ndipo walipokimbilia hospitali. Huko wakaambiwa: kisukari aina ya kwanza.

Tangu hapo Kidoti alichomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Mama alijifunza kuchoma pale kliniki kwa kutumia chungwa. Chungwa halilii. Kidoti naye hakuwa mtoto wa kulia ovyo. Alifumba jicho moja akasema, "Haya fundi, nishone haraka." Lakini jioni moja, gauni likiwa limepandishwa na tumbo liko wazi, aliuliza:

"Mama, tutaacha lini?"

Mama akamchoma, akalishusha gauni. Swali lile alilala nalo, akaamka nalo, akashona nguo za watu akiwa nalo.

Ndipo wifi yake akaleta video.

Wifi huyu alikuwa dada wa Baba Kidoti. Alikuwa anauza viatu sokoni, na simu yake haikosi kitu cha kutuma. Kwenye video kulikuwa na mwanamume amevaa koti jeupe, ameketi mbele ya rafu ya makopo. Alisema kwa sauti ya upole kwamba kisukari kinapona kwa unga wa majani. Alisema insulini ni biashara ya watu. Wazazi wanatishwa tu.

"Na kopo nimeshamnunulia mwanangu," wifi akasema, akalitoa kwenye mkoba. "Sitaki kumwona anatobolewa kila siku kama kitambaa chako."

Mama Kidoti hakuwa mtu wa kuamini kila kitu. Akachukua simu akaulizia mwenyewe. Akaandika: *dawa ya kuponya kisukari*. Wa kwanza kutokea alikuwa yule yule wa koti jeupe, juu kabisa. Basi, akaona ushahidi umetimia.

Akaanza kumkorogea Kidoti unga kwenye maji ya uvuguvugu. Mtoto alikunja uso. "Hii ni chai ya ng'ombe, mama." Lakini alikunywa. Na jamani, vipimo vikawa vizuri! Kila walipomtoboa kidole na kupima, namba ilikuwa chini kuliko zamani. Mama Kidoti akapunguza insulini kidogo. Namba zikabaki nzuri. Akapunguza tena, kama anavyopunguza kiuno cha gauni, kidogo kidogo, huku akiangalia linavyokaa. Hakumwambia mtu.

Na jana yake jioni hakumchoma kabisa.

"Umeshamchoma?" Baba Kidoti alikuwa ameuliza kutoka bafuni.

"Tumemaliza," akajibu.

Sasa ilikuwa asubuhi, na maji yanamiminwa tena. Mama Kidoti akaacha shati, akachukua mashine ya kupimia sukari, akakitoboa kidole kidogo cha mwanawe. Namba iliyotokea ilikuwa juu kuliko siku zote tangu watoke hospitali. Akampigia wifi.

"Usiogope hata kidogo!" wifi akasema. Nyuma yake watu wa soko walikuwa wanapiga kelele. "Yule bwana kasema sukari itapanda kwanza. Ndiyo ugonjwa unatoka huo. Ukivumilia, unapona."

"Wifi, mtoto anasema tumbo linamuuma."

"Unatoka, mwenzangu. Unatoka."

Mama Kidoti akakata simu. Akamtazama mwanawe. Kidoti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anahema haraka kama aliyekuwa anakimbia. Mara akainama, akatapika. Mama alipomnyanyua, akasikia pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Baba Kidoti, amerudi kuchukua ngazi aliyoisahau.

"Ngazi yangu iko..." Akamwona mtoto. "Ana nini?"

"Sikumchoma," Mama Kidoti akasema. Maneno yalitoka kama mtu anayetema mwiba. "Jana sikumchoma. Nilikudanganya. Na siku zote hizi nilikuwa nampunguzia. Nilidhani amepona."

Baba Kidoti alimchukua mtoto, akamweka begani, na rangi nyeupe ya shati lake la kazi ikampaka Kidoti kwenye paji la uso. "Chukua mashine na dawa zake," akamwambia mkewe. "Hayo mengine tutayasema baadaye."

*

Hospitali walipokelewa haraka. Walipima damu na mkojo. Walimwekea Kidoti maji ya mshipa na insulini, na muuguzi akawa anakuja kumpima kila wakati. Mama Kidoti alisimama pembeni ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Kingine kilikuwa kimeanguka njiani.

Kutwa nzima hakuketi. Baba Kidoti alimletea kiti, akakikataa. Akamletea tena, akakikataa tena. Mwishoni baba akakaa yeye, akamvuta mkono. "Basi nikalie mimi," akasema. "Kiti kimechoka kubembeleza."

Akakaa. Ndipo akalia.

"Nilitaka kumpa jibu," akasema. "Aliniuliza tutaacha lini."

"Na mimi aliniuliza."

"Ulimwambia nini?"

"Nilijifanya natafuta brashi." Baba Kidoti akafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Ungeniambia, mwenzangu. Tungeogopa wawili."

Kesho yake asubuhi Kidoti alikuwa ameketi kitandani. Macho yamerudi. Alitaka kujua kwa nini nesi wa usiku anakoroma akiwa macho, na kama kiatu chake kimepatikana. Mama yake alimsikiliza kama anasikiliza redio nzuri.

Akaingia muuguzi wa kliniki ya kisukari ya watoto. Wote walimwita Sista. Ndiye aliyemfundisha Mama Kidoti kuchoma chungwa. Alikuwa mama wa makamo, ana sauti kubwa na kicheko kinachomtangulia mlangoni. Leo hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu na Mama Kidoti mpaka magoti yakagusana.

"Mmemuwahi," akasema. "Mngengoja mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa niambie, mama. Sikugombezi. Ilikuwaje?"

Mama Kidoti akaeleza yote. Kopo, video, vipimo vizuri, kupunguza, na jioni ile aliyoacha kabisa. Alipomaliza akasema, "Mtandao umeniponza, Sista. Simu hii nitaitumia kupiga tu. Sisomi tena kitu."

"Hapana," Sista akasema. "Usome. Mzazi asiyesoma ananipa kazi zaidi. Ila nataka ujue kuchagua. Kitambaa si unakichagua?"

"Nakishika kwanza. Nakivuta, nakitazama kwenye mwanga."

"Basi na habari zishikwe hivyo. Lakini kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe, maana hao wa makopo wanatuingilia pale tusipoelewa. Nikikupa uzi na kitambaa, ukakosa sindano, utashona?"

"Nitashonaje?"

"Ndiyo hali ya Kidoti. Chakula alichokula kimekuwa sukari kwenye damu. Huo ni uzi. Mwili unaitaka, huo ni kitambaa. Insulini ndiyo sindano inayoipeleka sukari ndani ya mwili. Sisi tunaitengeneza wenyewe kwenye kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kongosho la Kidoti limeacha kuitengeneza. Hukukosea kumlisha. Hakula pipi nyingi. Hakurogwa. Limeacha tu."

"Na bila insulini?"

"Sukari inajaa kwenye damu na mwili una njaa. Mwili unaanza kuchoma mafuta yake, na moshi wa moto huo, niuite moshi, ni asidi inayochafua damu. Ndipo mtoto anatapika, tumbo linauma, anahema haraka, pumzi inanukia matunda. Ukiona hivyo usimpigie mtu wa kopo. Ni hospitali, saa hiyo hiyo."

Mama Kidoti akainamisha kichwa. "Lakini Sista, vipimo vilishuka. Niliviona kwa macho yangu. Namba hazidanganyi."

"Namba zilikuwa kweli. Sababu ndiyo haikuwa ile uliyoidhania." Sista akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sisi kipindi kile tunakiita fungate."

Baba Kidoti akainua kichwa. "Fungate? Mtoto wa miaka saba?"

"Tulia, hakuna mahari utakayodai." Kicheko cha Sista kikatoka, na Kidoti akacheka pia bila kujua anacheka nini. "Sikilizeni. Mtoto akianza insulini, kongosho linapata kupumzika. Kale kasehemu kaliko hai kanaamka, kanafanya kazi kidogo. Sukari inashuka, dozi inahitajika ndogo. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi. Si watoto wote. Kisha kanachoka, na insulini inahitajika zaidi. Kipindi hicho dozi tunaipunguza pamoja, daktari na nyinyi. Lakini hatuiachi."

"Kwa hiyo majani..."

"Majani yameingia kwenye fungate ya watu yakajidai bwana harusi."

Mama Kidoti akaziba mdomo. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Ndiyo maana video hizo zina watu wengi wanaosema zimewasaidia," Sista akaendelea. "Wengine wamelipwa. Lakini wengine ni wazazi wa kweli, kama wewe. Wameona kweli namba imeshuka. Mtu anaweza kuwa mkweli na bado akawa amekosea. Haya, nionyeshe huyo bwana."

Mama Kidoti akafungua simu. Koti jeupe likatokea.

"Wewe ni fundi," Sista akasema. "Mtazame kama mteja aliyeleta nguo kurekebishwa."

Mama Kidoti akaisogeza simu karibu na macho. Akakunja uso. "Koti halijawahi kuvaliwa. Tazama mikunjo ya kifuani, limetoka kwenye mfuko leo." Akatazama tena. "Halafu Sista, hili koti ni la kike. Tazama vifungo, vimeshonwa upande wa kushoto. Huyu kaazima."

Baba Kidoti akagonga paja. "Daktari kavaa koti la mkewe!"

"Koti jeupe hata mimi nakushonea kesho," Mama Kidoti akasema polepole. "Nimewashonea wauza nyama."

"Umeona sasa," Sista akasema. "Lakini usiishie kwenye koti. Angevaa lililomkaa vizuri, bado ungemuuliza. Wewe ni nani? Jina lako kamili? Unafanya kazi hospitali gani, nikipiga simu wanakujua? Hapa pana jina?"

"Hapana. Pana namba ya kuagizia kopo tu."

"Basi ndiyo swali langu la pili umelijibu. Anayekueleza ugonjwa ndiye anayekuuzia dawa. Hapo shika mkoba wako. Tena yeye anasema kisukari, kisukari, kisukari. Kipi? Kuna aina ya kwanza, kama ya Kidoti. Kuna aina ya pili, inayowapata zaidi watu wazima, na wengi wao wanaanza kwa vidonge. Asiyezitenganisha, usimwachie mtoto wako. Na akikwambia uache dawa ya hospitali, au kwamba kuzidiwa ndiyo kupona, hapo hata usimalize kumsikiliza."

"Lakini alikuwa wa kwanza kutokea, Sista. Nilijua wa kwanza ndiye bora."

"Hebu nionyeshe ulivyouliza."

Mama Kidoti akaandika tena: *dawa ya kuponya kisukari*. Sista akaweka kidole juu ya neno dogo la kijivu pembeni ya jibu la kwanza. Mama Kidoti hakuwahi kuliona. Liliandikwa *Tangazo*.

"Kalipa ili akae hapo," Sista akasema. "Na wewe ulimsaidia. Umeulizia dawa ya kuponya, wauzaji wa kuponya wakaitika. Uliza kitu chenyewe. Andika: kisukari aina ya kwanza kwa watoto. Halafu ongeza: Wizara ya Afya. Au Shirika la Afya Duniani. Au hospitali kubwa ya watoto unayoijua, au chama cha watu wenye kisukari."

Mama Kidoti akaandika kwa kidole kimoja. Safari hii yalikuja mengine. Walifungua ukurasa mmoja. Haukuwa na rangi za kuvutia. Haukuwa na kopo. Chini ulikuwa na majina ya madaktari walioupitia, na tarehe. Ulikuwa mpya.

"Soma hapo," Sista akasema.

Mama Kidoti akasoma kwa sauti, taratibu. "Kisukari aina ya kwanza hakina tiba ya kukiondoa kwa sasa. Mtoto anahitaji insulini kila siku. Akipata insulini, chakula kinachofaa na uangalizi, anaweza kusoma, kucheza na kukua kama wenzake." Akarudia sentensi ya mwisho.

"Sasa fungua mwingine, wa watu wengine. Kama wanasema jambo lile lile, kamba imeshika. Kama mmoja tu ndiye anayesema, na dunia nzima haijui, jiulize kwa nini."

Wakafungua mwingine. Ulisema lile lile. Ulieleza pia sukari ikishuka sana: mtoto anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Apewe haraka juisi au maji ya sukari, apimwe tena baada ya dakika kumi na tano. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, asipewe kitu mdomoni. Akimbizwe hospitali.

"Hii mlitufundisha," Baba Kidoti akasema.

"Ndiyo raha yake. Ukurasa mzuri haugombani na kliniki. Lakini hata huo mzuri haumjui Kidoti. Haujui uzito wake wala alichokula leo. Kwa hiyo dozi haibadilishwi na ukurasa. Ukisoma kitu kikakusumbua, nitumie mimi. Namba ya kliniki si mnayo? Nitumie hata upuuzi. Napenda upuuzi, unanichangamsha."

Kidoti alikuwa anasikiliza kitandani. "Sista," akasema. "Tutaacha lini?"

Mama Kidoti akawahi kujibu. Akaenda akakaa kitandani, akaushika mguu wa mwanawe juu ya shuka.

"Hatuachi, mwanangu. Mwili wako unaihitaji, kila siku. Mimi nitakuchoma mpaka ujue kujichoma mwenyewe. Baba naye atajifunza."

Kidoti akafikiri. "Hata nikiwa bibi?"

"Hata ukiwa bibi. Labda wakati huo watu watakuwa wamegundua kitu kingine. Wakigundua, Sista atatuambia. Si yule wa kopo."

"Baba asinichome na mikono ya rangi," Kidoti akasema. Basi, kwake yeye mazungumzo yakawa yameisha.

*

Wifi alikuja jioni, mbio, na pea ya viatu vipya vya mtoto mkononi. Alipomwona Kidoti na bomba la maji mkononi, akakaa sakafuni pale pale mlangoni.

"Mimi ndiye niliyemleta huku," akasema. "Mimi na kopo langu."

Mama Kidoti akashuka akakaa naye. Nesi aliyekuwa anapita akawaruka kama madimbwi.

"Ulimletea kwa mapenzi, wifi. Na mimi nilimpa kwa mapenzi. Mapenzi hayakutosha, tulihitaji kuuliza."

"Sitatuma tena kitu."

"Wewe? Usitume?" Mama Kidoti akamsukuma bega. "Utapasuka. Tuma, lakini kwanza tuulize pamoja nani kasema na anauza nini."

Wifi akajifuta pua kwa mtandio. "Yule ana makopo nyuma yake," akasema. "Nimeyaona siku zote. Ati nikadhani ni mapambo."

Kidoti aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mama alirudia dozi aliyopangiwa, asubuhi na jioni, bila kupunguza hata chembe. Baba akajifunza kwa machungwa mawili. La kwanza alilitoboa likatokezea upande wa pili, na Kidoti akalipigia makofi. Vipimo vikatulia taratibu. Shuleni mwalimu wa darasa alielezwa dalili za sukari kushuka, na akaweka juisi kwenye dawati lake. Wiki iliyofuata Kidoti alikuwa anaruka kamba uani na kuhesabu kwa sauti, akikosea kwa makusudi ili zamu yake isiishe. Sketi ya shule ikaanza kumbana. Mama yake akafumua kiuno, akakipanua, akamwita mumewe aje atazame. Walisimama wawili wakitazama sketi ya mtoto kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Jioni ile, kabla ya sindano, Mama Kidoti alifungua simu. Sista alikuwa amemwambia kwamba video kama ile mtu anaweza kuiripoti, ili wenye mtandao waikague. Akaitafuta, akabonyeza *Ripoti*, akachagua *habari za uongo kuhusu afya*. Alitaka kutoka. Kidole kikateleza, maoni ya watu yakafunguka.

Katikati ya maoni hayo aliona picha yake mwenyewe.

Alikuwa amesahau kabisa. Aliandika siku ile vipimo vilipoanza kushuka, kwa furaha, akiwa na pini mdomoni na kanga ya mteja mapajani. *Jamani inafanya kazi! Mimi ni mama wa mtoto mwenye kisukari na sukari ya mwanangu imeshuka. Asanteni sana.* Watu wengi walikuwa wameweka moyo.

Na chini yake kulikuwa na jibu moja, la asubuhi ya leo. Mwanamke asiyemjua, picha yake ni ua tu. *Asante dada kwa kunitia moyo. Wangu ana miaka minne, na yeye anachomwa tangu mwezi uliopita. Kopo limefika. Leo jioni namwachisha sindano.*

"Baba Kidoti!" akaita. "Njoo! Njoo haraka!"

Baba akaja na taulo shingoni. Akasoma. "Futa hiyo yako," akasema.

"Nikiifuta, na jibu lake litaondoka nayo. Nitampata wapi?"

"Basi ibadilishe."

Akaibadilisha. Akaandika juu kabisa: *Nilikosea. Ilikuwa insulini, haikuwa majani. Nilimwachisha mwanangu sindano akalazwa hospitali.* Kisha akafungua ukurasa wa yule mwanamke wa ua, akabonyeza mahali pa kumtumia ujumbe. Baba Kidoti alimshikia simu isitikisike.

*Dada, mimi ndiye uliyesoma maneno yangu. Nakuomba mchome mwanao leo. Usiache hata jioni moja. Wangu alianza na kiu, tumbo likauma, akatapika, akahema haraka. Ukiona hivyo usisubiri, kimbia hospitali. Sikucheki, mimi nilifanya hivyo hivyo. Namba yangu ni hii hapa chini. Nipigie saa yoyote, hata kama huna la kusema.*

Akaweka namba. Akaisoma tena tarakimu moja moja, mumewe akithibitisha. Akatuma.

Kidoti akaja, gauni ameshalipandisha, jicho moja ameshalifumba. "Fundi, mimi niko tayari."

Mama akaiweka simu juu ya cherehani, kioo kikitazama juu. Akanawa mikono. Akavuta dozi, akaitazama kwenye mwanga, akamchoma mwanawe. Kisha akamkalisha mapajani, na wote watatu wakaitazama simu.

Ujumbe ulikuwa umefika. Alama ya kusomwa haikuwepo bado.

"Nani huyo, mama?" Kidoti akauliza.

"Mama wa mtoto mmoja," akasema. Akachukua simu, akaandika tena: *Dada, upo?*